Barafu ya Vipande

Msichana wa kwenye basi alipatikana, na hakuwa yeye.

Afande aliipokea simu akiwa amesimama, akasikiliza, akasema "sawa" mara mbili tatu, kisha akaiweka mezani taratibu. Sikio hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa amekaa kwenye benchi la ofisi ile ya upelelezi tangu asubuhi, boksi la kuhifadhia baridi likiwa katikati ya miguu yake, na uso wa Afande ulikwisha kumaliza maneno yote. Kondakta aliyeapa kwamba alimpakia dada yake Sikio akamshusha mji wa jirani alikuwa amempakia binti mwingine kabisa, aliyekuwa anakwenda kumsalimia shangazi yake. Binti wa watu alikutwa anakunywa chai, akashangaa kuona polisi wamejaa uani.

"Tumefukuza upepo," Afande alisema. "Siku zote hizi, upepo mtupu."

Mama hakulia. Alikwisha kulia mpaka akakauka, na sasa alikuwa anaitazama sakafu tu. Mjomba, mdogo wake wa kiume, alikaa pembeni yake amemshika bega, kama alivyomshika kila siku tangu binti mkubwa wa mama aende kazini asirudi. Alimwambia kwa sauti ya chini kwamba mtu mzima haendi akapotea hivi hivi, akishapoa hasira atarudi mwenyewe. Mjomba alikuwa mtu wa kutegemewa, kila jirani angekwambia hivyo. Ndiye aliyemtafutia dada kazi ya ukarani pale kiwanda cha barafu, ambako yeye mwenyewe huendesha winchi. Ndiye aliyezunguka hospitali zote na mama. Na ndiye wa mwisho kumwona. Maelezo yake polisi yalikuwa mafupi na hayakuwahi kubadilika hata neno: jioni ile dada alikuja getini na mkoba wake, akamwomba amfungulie, akasema naondoka zangu, msinitafute, akatoka.

Hayo peke yake yasingemtosha Afande, ambaye hakumwamini hata mama mkwe wake. Kilichomtosha ni ushahidi wa pili, na huo aliuleta Sikio mwenyewe.

Tangu utotoni Sikio husikia barafu. Si mlio wake wa kupasuka, huo kila mtu anausikia. Maneno yanayosemwa karibu na maji wakati yanaganda hubaki humo humo, na barafu hiyo ikimyeyukia kiganjani huyaachia, mara moja tu, kisha hayapo tena. Hakuna mwingine anayeyasikia. Na hutoka makavu. Barafu haibebi kilio wala kicheko. Aliyekuwa anaomba roho yake na aliyekuwa anaagiza chai watasikika sawasawa. Nyumbani walimpachika jina la Sikio, wakamkataza kulizungumza jambo hilo mbele za watu, kwa sababu watu wana midomo.

Kazi yake ilikuwa kuponda barafu sokoni, kwa mama mmoja mwuza samaki. Dada alipokuwa hajarudi na nyumba nzima haijalala, Sikio alikwenda kazini hivyo hivyo, akapiga nyundo kwenye bonge la kwanza, na sauti ya dada yake ikamtoka kiganjani: *Mjomba, fungua.* Nyundo ilimwangukia mguuni. Akili ilipomrudia, ganda la nje karibu lote lilikuwa limekwisha kupondwa na kumwagwa juu ya samaki. Alipochokonoa katikati akasikia mengine: *Naondoka zangu. Msinitafute.* Alinyakua kilichobaki, akakifukia kwenye vumbi la mbao ndani ya boksi, akakimbia nacho kituoni huku mwenye samaki akimwita mwizi.

Afande alimsikiliza mpaka mwisho bila kucheka, jambo ambalo lilimgharimu. Kisha akafungua kijokofu cha ofisini, akampa kipande cha barafu na kumwuliza hii nayo inasemaje. Sikio alikishika kidogo, akajibu kwamba hii inamwambia mtu kwenye simu kuwa ipo kwenye kikao kizito, haitaweza kuja harusini kwa shemeji, na inasema hayo huku inatafuna. Afande aliinuka akafunga mlango kwanza, ndipo akakaa. Tangu hapo hakuuliza tena kama ni kweli. Aliuliza tu inawasaidia nini.

Na iliwasaidia, au ndivyo walivyodhani. Maji kwenye kopo la barafu huganda kuanzia nje kuingia ndani, kwa hiyo maneno ya kwanza hukaa kwenye ganda na ya mwisho hukaa kitovuni. Ganda lilisema fungua. Kitovu kilisema naondoka zangu. Dada aliomba kufunguliwa geti, akaaga, akaenda. Maelezo ya mjomba na maelezo ya barafu yakalingana bila kasoro, na Afande akahamishia askari wake wote stendi ya mabasi.

Sasa stendi nayo ilikuwa imekwisha, na hapakuwa na mahali pengine pa kutafuta.

"Afande," Sikio alisema, "nataka kukiona kiwanda."

Mjomba ndiye aliyejibu. Alisema kwa upole kwamba hakuna haja, kule watu wana pilikapilika, leo hii mitambo inazimwa kwa matengenezo ya mabomba na kiwanda kinafungwa wiki nzima. Msimamizi wa zamu hatapenda kuona polisi miguuni kwake siku kama hii.

Afande alikuwa amekwisha kushika kofia yake. "Kinafungwa leo?"

"Leo hii, Afande."

"Basi twende leo hii."

Mama alikataa kubaki kituoni. Walimweka kwenye kibanda cha mlinzi, getini, na kikombe cha maji ambacho hakukigusa. Mjomba aliomba ruhusa akapande winchi yake, maana bila yeye kazi ya kufunga isingekwisha. Sikio alimfuata Afande na konstebo mmoja kijana mpaka ukumbi wa tangi, na hapo baridi ikampokea kwenye vifundo vya miguu.

Ukumbi ulikuwa mrefu na wa giza giza ingawa nje jua lilikuwa kali. Sakafu yake ilikuwa ya mbao, na kila ubao ulikuwa kifuniko. Chini ya kila kifuniko kopo refu la bati lilining'inia ndani ya tangi la maji ya chumvi yenye baridi kuliko barafu yenyewe. Winchi ilipita juu, ikanyanyua safu nzima ya makopo, ikayachovya kwenye maji ya uvuguvugu ili yaachie, ikayalaza, na mabonge yakateleza kwenye njia ya bati kuelekea ghalani. Kompresa, mashine za kupozea, zilinguruma ng'ambo ya ukumbi. Watu waliongea kwa mikono, na aliyetaka kusema la maana alimsogelea mwenzake mpaka mdomo ugusane na sikio.

Msimamizi wa zamu alikuwa bwana mnene mwenye shali shingoni. Afande alimvuta nyuma ya lundo la vifuniko, mahali ambapo ngurumo ilipungua kidogo.

"Jioni ile ilikuwa zamu yako?"

"Yangu."

"Ulimwona anatoka?"

"Sikumwona. Niliambiwa ametoka."

"Na nani?"

Msimamizi aliinua kidevu kuelekea juu, kwenye winchi. "Mjomba wake."

"Getini kuna mlinzi. Yeye mbona hakumwona?"

"Aliitwa ndani kusaidia kushusha chumvi. Lori lilichelewa, vijana walikuwa wachache."

"Aliitwa na nani?"

Msimamizi alifikiri. Kidevu kilianza kupanda tena, kikasita njiani, na yeye mwenyewe akaonekana kutokupenda kilikokuwa kinaelekea. Afande hakutazama juu. Alimshukuru, akamwomba asiondoke karibu.

Sikio alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, mikono kwapani. Kuna kitu kilimkera, na alijua ni jambo la kusikia. Alimwomba Afande amtume konstebo getini akapige kelele. Konstebo alikuwa na koo la gwaride, kijana wa kusikika uwanja mzima. Akaenda, na baada ya muda akarudi anatweta na mishipa ya shingo imemsimama, akauliza kama ametosha.

"Umeshapiga?" Afande aliuliza.

"Mpaka mama pale kibandani akaziba masikio, Afande."

Mle ukumbini hakuna aliyekuwa amesikia hata mnong'ono. Afande alirudi kwa msimamizi kuuliza kama siku ile kompresa zilizimwa hata kidogo. Hazikuzimwa. Hazijazimwa tangu mwaka uanze, ndiyo maana leo wanafunga.

"Basi yale maneno hayakusemwa getini," Afande alisema. "Maji ya humu yasingeyapata. Yalisemwa humu humu."

"Humu hakuna geti la kufungua," Sikio alisema.

Afande alimwita mjomba ateremke. Mjomba alishuka ngazi anajifuta mikono kwenye suruali, na alipoulizwa upya dada aliagia wapi hasa, akajibu getini. Afande akamwambia, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba anadhani ilikuwa humu ndani. Mjomba hakuchelewa. Ndiyo, sasa amekumbuka, ilikuwa humu: alimfuata chini ya winchi, akamwomba akamfungulie geti, akaaga papo hapo. Kichwa kimechoka, Afande atamsamehe. Akapanda tena. Maelezo yaliyokaa siku zote hizo bila kuhama neno moja yalihama kwa kusukumwa na kidole.

Mwongo hana budi kushikwa na kitu, na hawakuwa na kitu. Inawezekana kabisa binti alimfuata mjomba wake kwenye winchi. Inawezekana mtu aliyechoka akachanganya mahali. Afande alimweleza Sikio hivyo, na Sikio akaona kwamba hata yeye Afande hajipendi anapoyasema. Safu za mwisho zilikuwa zinatolewa. Baada ya hapo kila mtu angevua buti zake akaenda nyumbani, na mlango ungefungwa wiki nzima.

Ndipo bonge moja likachepuka kwenye njia yake, likaanguka sakafuni na kupasuka vipande vitano sita. Kibarua aliyekuwa karibu hakushtuka. Aliyakusanya mapande kwa buti, akayatumbukiza moja moja ndani ya kopo tupu, akavuta mpira wa maji na kuanza kulijaza.

"We!" msimamizi alimfokea. "Leo tunafunga, unamgandishia nani?"

"Mkono umezoea, bosi," kibarua alijibu, akafunga maji na kucheka mwenyewe.

Sikio alikuwa tayari pembeni yake. Alimwamkia, akamwuliza hiyo ndiyo kazi gani. Kibarua akamweleza kama mtu anayemweleza mgeni kwamba mvua hulowesha. Barafu iliyovunjika haitupwi. Vipande vinarudishwa kwenye kopo, vinaongezwa maji, vinaganda upya, inakuwa bonge kamili. Wanaiita barafu ya vipande. Haiuzwi kwa watu wa kunywa, maana ndani ina weupe weupe na haipendezi, inakwenda kwa wauza samaki ambao wataiponda tu. Na ili isichanganyike na ile nzuri, makopo yake hukaa safu ya mwisho, ile ya ukutani.

Sikio alipiga magoti papo hapo akafungua boksi. Kilichobaki kilikuwa kikubwa kama mkate. Alikipangusa vumbi la mbao akakiinua kwenye mwanga. Upande mmoja ulikuwa na ganda jembamba linalong'aa, safi, unaona vidole kwa nyuma yake. Ndani ya ganda hilo kulikuwa na mapande meupe yenye kona kali, yamelala shaghalabaghala. Kwa siku zote alikuwa analilea bonge hili, akilibadilishia vumbi la mbao, akililalia pembeni, na hakuwahi kuona kwamba katikati yake ni barafu ya vipande. Akaogopa, hofu ya kweli, kwa sababu alielewa kosa ni la nani.

"Afande. Ndani ni ya zamani."

Afande alichuchumaa.

"Nilikwambia ya nje ndiyo ya kwanza. Kwenye bonge la kawaida ni hivyo. Hili si la kawaida. Hivi vipande vya ndani viliganda kwanza, siku nyingine, kwenye bonge lingine, likavunjika. Maji ya nje yameongezwa baadaye. Nimeyasoma kinyume."

Afande aliyarudia polepole, akihesabu kwa vidole viwili. "Kwa hiyo kwanza alisema naondoka zangu, msinitafute."

"Kwanza. Labda anaacha kazi. Labda waligombana."

"Halafu baadaye."

"Baadaye akasema, mjomba, fungua."

Hakuna hata mmoja kati yao aliyetazama winchi. Ilipita juu ya vichwa vyao na makopo yake yakidondosha maji ya chumvi.

Ganda lililobaki lilikuwa jembamba na ndani yake mlikuwa na maneno mengine, hilo Sikio alilijua tangu mwanzo. Alikuwa hajaligusa kwa makusudi. Kama dada amekufa, hapo ndipo sauti yake ilipobaki duniani, na kuisikia ni kuimaliza. Alikuwa amepanga kumwomba mwenye samaki sehemu kwenye friza lake, alitunze hata miaka. Sasa aliligeuza bonge, akaukandamiza upande ule unaong'aa kwenye kiganja, akainamisha kichwa juu yake, na Afande akamkinga kwa mwili wake ili wa juu asione.

Ilikuja sauti ya dada, kavu kabisa, sauti ya mtu anayesoma tangazo. *Mjomba, fungua. Mjomba, fungua. Sitasema. Mjomba, sitasema kwa mtu. Fungua.* Kisha bati likigongwa. Kisha tena, mara nyingi kupita mtu yeyote anavyoweza kuomba geti. Mwishoni, kwa mbali: *Hapa pana bomba. Lina umande.* Maji yakamteremkia Sikio mpaka kwenye kiwiko, na yalikuwa maji tu.

"Kuna bomba," alisema. Meno yalikuwa yanamgongana. "Yuko mahali pana bomba lenye umande. Na ni karibu na safu ya mwisho, karibu sana."

Afande alimwita msimamizi kwa kidole. "Nyuma ya ukuta huu kuna nini?"

"Chumba cha mitambo ya zamani. Hakitumiki. Bomba moja tu la gesi ya kupozea linapita humo."

"Mlango uko wapi?"

Msimamizi aliwaonyesha. Mlango wenyewe, wa bati, haukuonekana. Mbele yake palikuwa na magunia ya chumvi, yamepangwa vizuri, safu juu ya safu, mpaka karibu na dari.

"Chumvi hukaa hapa siku zote?"

"Hapana. Ghala linavuja, ndivyo nilivyoambiwa, ndiyo tukaileta huku wiki hii." Akainua kichwa mwenyewe safari hii, bila kuulizwa.

Wakati huohuo kompresa zikazimwa. Ilikuwa ratiba tu, fundi wa zamu amefika kwenye swichi yake. Ngurumo ilishuka, ikakohoa, ikafa, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze ukumbi ule ukawa kimya. Wote walisimama wakasikiliza, wakingoja kugongwa kwa bati nyuma ya magunia. Hakukusikika kitu. Sikio aliwaza bomba lile, ambalo kuanzia sasa lingepata joto na kukauka.

Alianza kuvuta gunia la kwanza. Mjomba alikuwa amekwisha kushuka. Alipita katikati ya vibarua, akasimama mbele ya magunia, mikono imelegea.

"Afande, hapo hakuna kitu. Nimepanga mwenyewe."

"Najua umepanga mwenyewe. Sogea."

Hakusogea. Hakukimbia pia. Alimtazama Sikio, na Sikio akaona uso uleule uliokaa nyumbani kwao kila jioni.

"Sikutaka afe," alisema. "Valvu nzima za mabomba ya gesi nilizitoa mimi nikaziuza, nikafunga mbovu. Ndizo zilizomwua fundi wetu mmoja kwa gesi. Dada yako akajua. Akasema anaacha kazi na anakwenda kusema. Nilimfungia aniahidi tu kwamba atanyamaza, na akaniahidi, halafu sikuamini. Kila asubuhi nilikuja nikasema leo nafungua. Kisha nakwenda kukaa na dada yangu, namwona anavyolia, nashindwa. Ningemwambia nini?"

"Yuko hai?"

"Jana hakugonga."

Afande alimfunga pingu bila kumtukana, akamwambia konstebo amkalishe ofisini. Ufunguo wa kufuli ulikuwa kwenye mfuko wa shati la mjomba.

Kisha wakaingia kwenye magunia. Hakuna aliyegawa kazi. Vibarua walipanda juu na kuyabingirisha, msimamizi alivua shali akayapokea chini, Afande alitupa kofia yake pembeni na kuvuta kwa mikono miwili. Yalikuwa mazito kwa unyevu. Moja lilipasuka likawamwagikia, na chumvi ikaingia kwenye mikwaruzo ya vidole vya Sikio, naye akaendelea kuvuta. Alikuwa anasema "bado, bado" bila kujua anamwambia nani. Wakati fulani aliona mikono mingine kwenye gunia lake, mikono anayoijua. Mama alikuwa ameona watu wanakimbia, ametoka kibandani. Hakuuliza ni kitu gani kiko nyuma ya magunia wala mdogo wake yuko wapi. Alishika pembe ya gunia akavuta, na hakuna aliyekuwa na mdomo wa kumwambia.

Mlango ulionekana nusu, ukatosha. Afande alifungua kufuli, wanaume wawili wakausukuma, na harufu ya gesi ikawachoma macho.

Dada alikuwa amelala sakafuni amelikumbatia bomba. Midomo yake ilikuwa imechubuka na ngozi yake nyingine ilikuwa imebaki kwenye chuma, pale alipokuwa analamba umande. Afande alimmulika kwa tochi ya simu, kifuani, na wote wakangoja. Kifua kilipanda. Kilichelewa sana kushuka, kikashuka, kikapanda tena.

"Dada," Sikio alisema. "Dada, ni mimi."

Macho yalifunguka. Yaliwaona wanaume mlangoni nyuma ya mwanga, na mwili mzima ukajivuta nyuma kuelekea ukutani. Sikio aliwaambia watoke, watoke wote, akasogea kwa magoti mpaka akamfikia. Dada alimshika ukosi wa blauzi kwa nguvu ambayo hakuna aliyeitegemea, akamvuta mpaka sikio likagusa midomo iliyochubuka. Sauti ilikuwa imekwisha, imebaki pumzi. Lakini mitambo ilikuwa imezimwa, na ndani ya chumba kile hata pumzi ilisikika.

"Usimwambie mama," alisema. "Usimwambie mama kwamba ni mjomba."

Sikio aligeuza kichwa. Mama hakuwa ametoka na wale wengine; alikuwa amepiga magoti nyuma yake, hatua moja tu, mikono imekuwa myeupe kwa chumvi mpaka viwikoni.

"Nimesikia, mwanangu," mama alisema.

Alivua mtandio wake, akamfunika binti yake mabega, akaingiza mikono chini yake na kumpakata kama alivyompakata alipokuwa mdogo. Kutoka ofisini, ng'ambo ya ukumbi ule uliokuwa kimya, mdogo wake wa kiume alimwita. Akamwita tena, kwa jina lake la utotoni, ambalo hakuna mwingine aliyebaki wa kumwita nalo.

Mama alimfuta binti yake chumvi usoni na hakugeuka.